Walivyompima Mtoto Wetu Kujithamini

Mpaka leo nikikumbuka ile ofisi ya ushauri nasaha, damu inanichemka. Mtoto wa kaka yangu, niliyemlea mimi shangazi yake, senge kwa lugha ya kwetu, tangu chekechea, alikuwa kiranja wa bweni katika shule ya wasichana upande wa Mukumu. Kiranja kweli kweli! Akisema taa zizimwe, zinazimwa. Muhula ule alikuwa anatajwa kuwa kiranja mkuu, na alikitaka hicho cheo hata usingizini.

Kisha akaja mtafiti wa chuo kikuu na maswali ya kupima eti wasichana wanajithamini kiasi gani. "Mimi ni mtu wa maana." "Nina mengi ya kujivunia." Weka alama: nakubali, sikubali. Mtoto wetu akaweka sikubali mpaka mwisho.

Sasa angeweka nini? Kwetu mtoto akijisifu mbele ya watu, mama yangu anamkata jicho mpaka ugali unamkwama. Sifa zako wanazitoa wengine, wewe unainamisha kichwa na kusema, "Najaribu tu." Hata mgeni akisifu kuku uliyempika, unamwambia hakuiva vizuri. Hiyo ndiyo adabu tuliyomfundisha, na aliishika, maskini.

Mwalimu wa ushauri akanipigia simu. Nikafunga duka, nikaenda. Akaniambia kwa sauti ya upole, ile ya kumwambia mtu habari za mgonjwa wake, kwamba msichana hajithamini, kwa hiyo uongozi auache kwanza, ahudhurie vikao.

"Mwalimu, umewahi kumwona akiongoza lile bweni?"

"Mama, kipimo hakidanganyi."

Ala! Kipimo gani hicho? Nilimwambia alichopima ni malezi yangu, tena nilisema kwa sauti iliyofika mpaka stafurumu. Akatabasamu, akaandika kitu. Nina hakika aliandika kwamba shida inatoka nyumbani.

Shule ilipofungwa, kiranja mkuu alikuwa ameshachaguliwa mwingine. Nilingoja mtoto alie, au awatukane, nimsaidie kuwatukana. Wapi! Alikaa jikoni akichambua mrenda. Nikamwambia wale watu hawajui lolote, asiwasikilize. Akaendelea kuchambua. Halafu akaniuliza, bila kuniangalia:

"Senge, wewe uligundua lini kwamba sijithamini?"