Swichi ya Feni

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Wanaonunua maharage kwangu pale Majengo wanalijua hilo. Mteja akianza kuniambia maharage yangu yana mchanga namwonyesha njia. Lakini baba yangu sikuwahi kumpandishia sauti hata siku moja. Nilimdanganya kwa sauti ya chini kabisa, tukiwa wawili tu njiani, na haya ninayoyaandika ndiyo niliyotakiwa kumwambia siku ileile.

Baba alikuwa na gari, hadtop kuukuu ya dizeli. Tuliitumia kufuata maharage Mwese na kuyashusha Mpanda mjini, yeye dereva, mimi mwenye mzigo. Alishika usukani tangu sijazaliwa, na barabara ya Mwese aliijua jiwe kwa jiwe. Geji ya joto ilikuwepo kwa jina tu, mshale wake ulikufa zamani ukalala chini. Baba hakujali. Yeye aliendesha kwa masikio. Feni ya gari lile ilikuwa ile kubwa ya kizamani inayozungushwa na mkanda wa injini, ikinguruma muda wote injini inapowaka, na kwa ule mngurumo baba alijua kama gari linapumua vizuri au limechoka.

Tatizo letu lilikuwa mto. Masika maji yanapita juu ya barabara, na feni ya mkanda huwezi kuiambia itulie, inaingia nayo majini inazunguka vilevile. Mwaka mmoja mapanga yake yalipinda yakaichana rejeta, lile tangi la maji ya kupozea injini, tukashinda pale mtoni kutwa nzima tukisubiri trekta. Mimi ndiye niliyeshupalia feni za umeme. Kuna fundi mmoja Majengo alikuwa akiwafungia wenzetu wanaopita njia mbovu, nikamganda baba na habari za huyo fundi mpaka akakubali, shingo upande.

Fundi aling'oa ile feni kubwa, akafunga mbili ndogo alizozitoa kwenye magari madogo yaliyokufa, akavuta nyaya hadi kwenye betri. Alitaka kuweka na kidude cha kuhisi joto ili ziwe zinajiwasha zenyewe. Baba akakataa katakata.

"Kitajiwasha nikiwa katikati ya maji," alisema. "Niwekee swichi. Nikitaka nazima, nikitaka nawasha."

Sasa waya ulikuwa mfupi, na tundu lililokuwepo tayari kwenye dashibodi lilikuwa upande wa abiria. Fundi akaichomeka swichi huko huko, mbele ya magoti yangu. Baba alicheka akanigeukia.

"Haya mama, umepata ajira."

Aliniita mama kwa kuwa nimerithi jina la mama yake. Tangu siku hiyo tukawa na utaratibu wetu. Tukikaribia maji anasema, "Feni," nazima, najibu, "Tayari." Tukitoka ng'ambo anasema tena, "Feni," nawasha, "Tayari." Hakuwahi kugeuza shingo kuangalia kama nimefanya kweli. Zile feni ndogo sauti yake inamezwa na injini ya dizeli, ziwake zisiwake ukiwa ndani hujui, na jambo hilo lilimsumbua.

"Limenyamaza mno hili gari," alilalamika. "Zamani lilikuwa linaniambia lenyewe. Siku hizi mpaka uniambie wewe."

Siku yenyewe tulikuwa tunatoka Mwese, magunia yamejaa hadi juu. Tukafika mtoni. "Feni." Nikazima. "Tayari." Tukavuka salama. Pale ng'ambo ndipo mtandao unapokamata, simu yangu ikaanza kuingiza meseji mfululizo: mteja wangu mkubwa, niliyemfuatia mzigo ule ule, ameshachukua maharage kwa mtu mwingine. Nikapandwa na mori. Nikawa namwandikia maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa.

Baba akasema, "Feni."

Nilimsikia. Sitaki kujisingizia kwamba sikusikia. Nilijibu "Tayari" kama ninavyojibu siku zote, na mkono haukutoka kwenye simu.

Baada ya mto kuna mlima mrefu. Tulikuwa tumekaribia kileleni baba aliponusa kitu, akasimamisha gari. Mvuke ulikuwa unatoka kila upande wa boneti. Alishuka, akafungua, akarudi nyuma kwa sababu ya joto, akasimama akiangalia tu. Kisha akaja dirishani kwangu, akainama, akaiona swichi imezimwa. Hakunikaripia. Aliniuliza polepole, kama mtu anayepapasa mifuko yake akitafuta funguo.

"Mama, nilisema feni?"

Ningejibu ndiyo, angeguna, yangeisha. Baba hakuwa mtu wa kushika jambo. Mpaka leo najiuliza nilikuwa naogopa nini, mtu mzima wa miaka yangu, na baba mpole vile. Nadhani bado nilikuwa na hasira za yule mteja, na sikutaka kosa lingine liwe langu siku hiyo.

"Hukusema, baba."

Akatikisa kichwa kidogo. Akaenda kukaa kwenye jiwe kando ya barabara, mikono juu ya magoti, akakaa hapo mpaka trekta lilipokuja. Mimi nikabaki ndani ya gari najifanya nahesabu magunia.

Silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ilikuwa imepinda kwa joto. Injini ilitengenezwa, hilo halikuwa kubwa. Kubwa ni kwamba jioni ile, tulipofika nyumbani Kakese, baba mwenyewe alimweleza mama, mbele yangu, kwamba amesahau neno moja akaua gari. Mama akamwambia, si uzee huo, ni uchovu. Akajibu kwamba dereva akishaanza kusahau, kesho atasahau breki, atakuja kuua mtoto wa watu. Gari liliporudi kutoka kwa fundi aliweka funguo mezani, akaniambia nitafute dereva. Hakukaa tena nyuma ya usukani.

Nilipata dereva. Tukazoea. Jumapili nilikuwa nakwenda Kakese, namkuta baba anapalilia mahindi au amekaa kibarazani, na kila Jumapili nilitoka Majengo nimepanga leo namwambia. Nikifika, yanaishia mdomoni. Mwanzo niliogopa atakasirika. Baadaye niliogopa atauliza kwa nini nimekaa muda wote huo bila kumwambia.

Kilichoniumiza zaidi ni kale katabia kalikomwanza. Akishasema kitu, chochote, anamgeukia mama: "Nimesema au sijasema?" Mgeni anaingia, baba anamkaribisha, halafu anauliza kama amemkaribisha. Kanisani aliombwa kusali, katikati akakatisha sala, akamuuliza mama kwa sauti kama ameshawaombea wagonjwa. Watu waliinamisha vichwa. Mimi nilitoka nje nikalia nyuma ya choo.

Halafu usahaulifu wenyewe ukaja kweli. Daktari mjini alituambia ni ugonjwa wa uzee, unakuja bila kuitwa, hakuna aliyeusababisha. Namheshimu daktari, ameusomea. Ila mimi nilimwona baba akianza kuogopa kichwa chake miaka mingi kabla kichwa hakijaharibika, na hofu ile nilimpa mimi.

Mwezi uliopita mama alikwenda msibani, nikabaki naye. Nilikuwa namnywesha uji, kijiko kwa kijiko. Siku hizi ananiita dada, kwa adabu, kama mtu uliyekutana naye zahanati. Nikaona nikisubiri tena nitamzika na uongo ule. Nikaweka bakuli chini, nikamweleza yote: mto, simu, swichi, kwamba alisema feni, kwamba nilimsikia vizuri nikamwambia hakusema. Nililia mno, maneno mengine yalitoka nusu.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Gari lilikuwa la nani, dada?"

"La baba yangu."

"Bado yupo?"

"Yupo."

"Basi nenda ukamwambie," alisema, akanishika mkono kwa huruma. "Usimwache mzee wa watu afe anajiona mjinga, na kumbe alisema."

Nikamwambia nitakwenda. Akanisihi niondoke mapema, nimkute.