Darubini Niliyoirudisha Mara Mbili

Daraja la Kigongo na Busisi lilipofunguliwa, sisi manahodha wa kivuko cha pale tulitawanywa. Wenzangu kadhaa walipelekwa kwenye vivuko vya visiwani. Mimi nilikuwa nimebakiza miaka mitatu kustaafu, nikapewa meza mjini Mwanza, kazi ya kupanga zamu. Ikifika saa tisa na nusu alasiri niko huru, na sikujua mtu huru anafanya nini. Nikaanza kumfuata mke wangu sokoni Mwaloni, Kirumba, anakouza dagaa kwa jumla. Nilimpangia magunia, nikawaelekeza wapagazi wake wapite wapi. Alinivumilia wiki mbili.

"Mzee wangu," akasema, "tafuta kitu chako."

Kitu changu nilikipata kwenye machimbo ya zamani ya kokoto, kando ya barabara ya Magu, ambako klabu ndogo ya kulenga shabaha ina kibali cha kufanya mazoezi kila Jumamosi. Mwalimu wa pale ni mama mmoja, mwanajeshi mstaafu, mfupi, mwenye sauti ndogo inayowafanya watu wazima wanyamaze. Mimi aliniita Nahodha, nami nikamwita Afande kama wote. Siku ya kwanza alinilaza kifudifudi juu ya turubai, akanipa bunduki ya klabu, risasi kumi, na karatasi yenye duara jeusi umbali wa mita hamsini. Risasi tatu ziligusa karatasi. Saba ziliingia kwenye ukuta wa udongo. Niliinuka na mchanga kidevuni, nikamuuliza Jumamosi ijayo tunaanza saa ngapi.

Baada ya miezi kadhaa nilitaka bunduki yangu mwenyewe. Anayedhani ni suala la kuingia dukani na kutoka, hajawahi kuomba. Maombi yanaanzia mtaani na kupanda ngazi moja moja, na kila ngazi ina kiti cha kusubiria. Kwenye kikao cha kata niliketi mbele ya meza ndefu, na mwenyekiti wa kikao akaniuliza:

"Una ng'ombe wa kulinda?"

"Sina."

"Unawinda?"

"Hapana."

"Kuna mtu anakutishia maisha?"

"Hakuna."

"Sasa silaha ni ya nini, mzee?"

"Ya kupigia karatasi."

Walicheka mpaka mmoja akafuta macho. Lakini barua ya klabu ilikuwepo, ikasomwa, ikapita. Askari polisi walikuja nyumbani kukagua kabati la chuma nililolifunga ukutani kwa zege. Mke wangu aliwaandalia chai. Walipoondoka ndipo alipozungumza. Risasi zisikae pamoja na bunduki, alisema, na wajukuu wakija hata kabati lenyewe wasilione. Siku iliyofuata nikalizungushia fremu ya mbao na pazia.

Mwenye duka la silaha ni mzee wa miaka sabini na kitu, aliyelirithi duka kwa baba yake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanipa kiti, kisha akalaza bunduki mbili juu ya kaunta. Zote zilikuwa za kaliba ndogo, yaani risasi nyembamba, ile ya ishirini na mbili, inayotosha kabisa kwa mita hamsini na haimpigi mtu bega. Ya kwanza ilikuwa mpya, kitako chake cha mti uliong'arishwa, upande wa kushoto kimechongwa kivimbe cha kuegeshea shavu. Ya pili ilikuwa imetumika. Kitako chake kilikuwa sawa pande zote mbili, na kilikuwa na mkwaruzo mrefu kama wa waya.

"Hiyo ya mkwaruzo inapiga vizuri kuliko unavyodhani," alisema.

"Nataka hii," nikamwambia, mkono uko juu ya ile inayong'aa.

Kwa darubini ya kufunga juu ya bunduki nilikuwa mbishi zaidi. Afande alikwisha kunieleza kwamba kwa umbali wetu darubini ndogo inatosha. Mimi nilitaka kuona tundu la risasi bila kusimama, kwa hiyo nikachagua kubwa kuliko zote, inayovuta mara ishirini na nne. Bunduki ilibaki dukani ikisubiri muhuri wa mwisho. Darubini niliruhusiwa kuondoka nayo, niijaribu kwenye bunduki ya klabu.

Jumamosi hiyo nililala kwenye turubai, nikaweka jicho, nikaona duara jeusi limezungukwa na kitu kama mvuke wa birika. Nilifuta kioo. Mvuke ukabaki. Jumatatu nikairudisha. Mzee akaitazama, akasema mbona safi, lakini akanipa nyingine. Jumamosi ya pili, mvuke uleule.

Safari hii nilifika dukani nimekasirika, na kulikuwa na wateja wawili.

"Mzee wangu, unaniuzia vioo vyenye ukungu," nilisema kwa sauti ya juu. "Umeona mimi ni mtu wa majini, sijui kitu?"

Wale wateja waliangalia chini. Mzee hakubishana. Aliipokea darubini, akaiweka kwenye droo, akanitolea ya tatu.

"Jaribu na hii," alisema. "Ikikushinda, tutaachana kwa amani."

Jumamosi ya tatu nilimwita Afande aangalie mwenyewe. Alilala kwenye turubai langu, akachungulia kwa muda, akainuka.

"Wewe unaona nini, Nahodha?"

"Ukungu."

"Lala tena. Sasa fumba hilo la kulia, tumia la kushoto."

Ilibidi nipinde shingo kama kuku. Nilipopata picha, duara lilikuwa jeusi tii, na pembeni yake alikuwa ametua nzi, anasugua miguu yake ya mbele. Nilimwona nzi huyo vizuri kabisa. Nikarudisha jicho la kulia, nzi akapotea. Nikarudia mara tatu.

"Darubini ni nzima," Afande alisema taratibu, wengine wasisikie. "Jumatatu nenda hospitali."

Daktari wa macho alinimulika, akanieleza kwamba ni mtoto wa jicho, na kwamba amekwisha kufunika sehemu kubwa ya katikati ya jicho la kulia. La kushoto ndiyo kwanza lilikuwa linaanza kwa mbali. Nilimuuliza hali hiyo imekuwepo tangu lini. Akasema huja polepole na jicho zima hulibeba lile bovu, ndiyo maana mwenyewe hushtuki. Inaweza kuwa miaka.

Nilitoka nikakaa kwenye ukuta wa hospitali. Sikuwaza bunduki wala karatasi. Niliwaza kivuko: malori, mabasi yaliyojaa, akina mama na matenga ya nyanya, wote wamesimama nyuma yangu nikiingia gatini. Nikampigia simu mwenzangu tuliyepokezana usukani miaka tisa, nikamweleza alichosema daktari.

"Nilihisi kuna kitu," akasema.

"Ulihisi nini?"

"Ulikuwa unaingia gatini umepinda, hasa jua la jioni likikupiga usoni. Unakumbuka nilivyokuwa nakuomba uniachie zamu za jioni? Nilisema mke wangu anataka niwe nyumbani asubuhi. Mke wangu hakuwahi kusema hivyo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungekubali?"

Mtu aliyemtuhumu muuza duka mara mbili kabla ya kulishuku jicho lake, asingekubali. Hakuna aliyeumia mikononi mwangu, na namshukuru Mungu. Lakini ninapojua kwamba ni mwenzangu aliyekuwa anazipunguza zile hatari kimyakimya, siwezi kudai kwamba usalama huo ulikuwa ustadi wangu. Mke wangu nilimweleza yote jioni hiyo. Alilia kidogo, kisha akaniuliza nimepangiwa upasuaji lini.

Nilipangiwa baada ya miezi mitatu. Katika kusubiri, Afande alinihamishia kushoto: kitako bega la kushoto, kidole cha kushoto kwenye kifyatulio, jicho la kushoto. Wiki za mwanzo nilikuwa kama mtu anayeandika kwa mkono usio wake. Mwezi wa tatu risasi zilianza kukaribiana kuliko zilivyowahi kukaribiana nikitumia kulia. Upasuaji ulichukua muda mfupi kuliko foleni yake. Daktari alinikataza vumbi kwa wiki kadhaa, nami nikatii. Aliponiruhusu nikaenda moja kwa moja dukani.

"Mzee wangu," nilisema baada ya salamu, "nilikukosea mbele ya watu. Ukungu ulikuwa jichoni mwangu."

"Lipi?"

"La kulia. Wameshalifanyia upasuaji."

Alivua miwani, akanisogezea uso. "Mimi walinifanyia yote mawili," alisema. "Wiki ya kwanza niligombana na fundi rangi. Nilidhani amenipakia ukuta rangi nyeupe badala ya ile ya krimu niliyoizoea, kumbe ulikuwa mweupe siku zote." Akacheka peke yake, kisha akalaza bunduki zote mbili juu ya kaunta kama siku ya kwanza.

Nilizijaribu kwa bega la kushoto, maana nilikwisha kulizoea na huko ndiko risasi zangu zilikokaribiana. Ile inayong'aa ilikuwa na kivimbe upande nisiouhitaji, na shavu langu lilielea hewani. Ile ya mkwaruzo ilitulia mara moja. Komeo la kuingizia risasi lilikuwa kulia kwa zote, kwa hiyo kila baada ya risasi ningelazimika kupitisha mkono juu. Nikaamua kulivumilia hilo. Kwa darubini, nilikuwa nimekuja na ile kubwa ya tatu, naye akanipa nyingine ndogo inayovuta mara sita tu. Nilisimama mlangoni nikazielekeza, moja baada ya nyingine, kwenye nyumba za mlimani. Ile kubwa ilinionyesha nguo moja moja kwenye kamba, lakini alama yake ya msalaba iliruka kila moyo wangu ulipopiga. Ndogo ilitulia juu ya mlango niliouchagua. Nikachukua ndogo. Polisi wakarekebisha karatasi kulingana na ile bunduki ya mkwaruzo, na hiyo ilichukua wiki nyingine tatu.

Jumamosi ya kwanza nikiwa na bunduki yangu nilipiga kumi. Saba ziliingia kwenye duara, tatu zikakaa nje kidogo, upande wa kulia. Afande alizungusha skurubu ya darubini kidogo sana, akaniambia nipige kumi nyingine. Komeo bado linanichelewesha, na katika mashindano ya klabu yetu nashika nafasi za katikati. Jicho la kushoto napimwa kila baada ya miezi sita.