Msiba wa Dereva wa Kitabuni

Nikisikia harufu ya grisi, mpaka leo hasira inanipanda. Mnanijua, ndugu zangu: niliachia shule darasa la tatu, mali yangu nimeitafuta kwa mgongo wangu, sina maneno ya kuremba. Harufu hiyo ilikuwa ya kitabu.

Kaka yangu Paulo alikuwa fundi msaidizi kwenye shamba la ngano la serikali, kule chini tambarare. Mzungu mmoja wa karakana alimwachia riwaya za mashindano ya magari ya zamani, yale mafupi yasiyo na paa. Madereva wa trekta waligombania riwaya zile kama ugoro, kila ukurasa una alama za vidole vya grisi. Paulo alisoma Kiingereza, akatutafsiria. Pale asipoelewa, aliweka mlio wa injini.

Mwaka huo baba alipanda ngano kwenye kipande chetu cha Gitting. Ndiyo chakula chetu chote. Ilipoiva, majirani walikuja na miundu yao kutusaidia, mama akapika pombe. Mlima Hanang ulikuwa umeshavaa wingu, na hata mtoto alijua maana yake.

Wakati wa kupumzika wakamwambia Paulo, aliyekuja nyumbani na riwaya moja, asome. Gari jekundu likaingia kwenye kona, likapinduka, dereva akafa. Jirani yetu Mzee Tluway akaweka mundu chini.

"Tumefiwa. Leo hakuna kazi."

Kwetu mtu akifa, jembe halishikwi mpaka azikwe. Lakini jamani!

"Mzee wangu," baba akasema, akijikaza, "huyo ni mtu wa karatasi."

"Mbona umelia?"

"Sikulia! Ni vumbi la ngano!"

"Na mama yake ameshaambiwa?" akauliza mama mmoja. Paulo, mjinga yule, akafunua kurasa aangalie.

Wakaondoka wote. Pombe walimaliza kwanza, hiyo haikuwa na msiba. Tulikata wenyewe mpaka mikono ikavimba, mvua ikatukuta na nusu haijaguswa. Ngano ikachipua kwenye masuke. Mwaka mzima tulikula ugali wa ngano hiyo, unaonata kama ulimbo, na baba alimtukana Mzee Tluway hadi akachoka.

Nilikuja kuelewa siku ya kumzika Mzee Tluway mwenyewe, mimi tayari mtu mzima mwenye mashamba. Mjane wake aliniambia kwamba mtoto wao wa kwanza alifia chini ya trekta la shamba lile la serikali, kabla sijazaliwa. Walimfunika turubai, na mashine zikaendelea kuvuna pembeni yake, kwa sababu msimamizi alisema ngano haisubiri.

Siku hizi watu hupitia msibani wakarudi kazini. Siku ile vibarua wangu walikuwa shambani wanavuna, na mvua inanukia. Nikamtuma mtu awaambie waache mpaka mzee azikwe. Nilikasirika, nasema kweli, kwa ngano niliyokuwa naiachia mvua. Nilikasirika njia nzima ya kwenda makaburini.