Jivu la Bibi na Viwavi Weupe

Harufu ya jivu lililoloa hunirudisha Lewisville. Wengine hukumbuka utoto wao kwa harufu ya karafuu au ya mkate wa kumimina; mimi nimejaliwa jivu, tena la majiko ya kuchomea nyama yaliyokuwa kando ya bwawa la kuogelea la nyumba zetu za kupanga, kaskazini mwa Dallas. Kila Jumapili jioni, wapangaji wakishachoma soseji zao na kuondoka, bibi yangu alishuka na kijiko na kopo tupu la samli, akakwangua jivu lote lililopoa, akapanda nalo hadi ghorofa ya pili akiwa amejitanda kanga, watu wote wakimtazama. Nilikuwa na miaka kumi. Niliomba ardhi ipasuke inimeze, ila pale pote palikuwa pamemiminwa zege.

Bibi Mwanakombo, mama yake baba, aliletwa kutoka Muheza mwishoni mwa miaka ya tisini ili anilee mimi, ingawa mwenyewe alidai amekuja kutulea sote. Baba aliendesha teksi ya uwanja wa ndege, mama alihudumia wagonjwa hospitalini, na shule zilipofungwa mwezi wa Juni tulibaki wawili tu nyumbani, mimi na yeye. Bibi alikuwa mkulima maisha yake yote. Wiki ya kwanza alitazama televisheni asiyoielewa. Wiki ya pili akapanda mchicha kwenye ndoo kibarazani, na jivu likawa dawa yake kwa kila mdudu aliyethubutu kuusogelea. Aliniita mke mwenzangu, kama bibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wa kike, na mimi nilimjibu kwa Kiingereza, lugha asiyoijua hata neno. Nasema haya kwa aibu. Kiswahili nilikijua vizuri kabisa, ila sikutaka kisikike kinywani mwangu nje ya mlango.

Nyuma ya nyumba zetu, ng'ambo ya uzio wa mbao, palikuwa na kipande kirefu cha ardhi kilichobanwa kati ya reli na kijito. Kilikuwa chembamba mno kwa trekta, kwa hiyo hakikuwahi kulimwa, na majani yake yalinifika kifuani. Jua la Texas lilipokaza, panzi walilia kwa sauti moja kama mashine iliyosahauliwa kuzimwa, na udongo mweusi ulipasuka nyufa za kuingiza mkono. Bibi alikigundua kipande kile kabla yangu. Alirudi siku moja ameshika mchicha wa mwitu mkono mzima, uso unang'aa, akanivuta nikaone kitu kingine: kwenye kivuli cha miti ya kijitoni, mmea unaotambaa wenye maua ya zambarau yaliyozungukwa na nyuzi. "Pasheni!" alisema. "Nani kaileta huku?" Akaligusa lile ua kama mtu aliyekutana na jamaa yake stendi ya ugenini. Na pale pale, umbali wa hatua kumi, mwanamke wa Kizungu alikuwa amepiga magoti ameinamia majani na kioo cha kukuzia, kofia yake ya ukili imeliwa ukingoni. Huyo ndiye Bi Verna.

Bi Verna alikuwa na miaka sitini na kitu, na alikuwa amestaafu kazi ya kupeleka barua. Kwa miaka mingi alizunguka Kaunti ya Denton na mkoba wa posta, akisimama kila ua jipya lilipochanua kando ya barabara, na watu wakawa wanazipokea barua zao zimekawia. Sasa hakuwa na barua za kumsumbua. Kila Alhamisi alikuja na wavu wenye mpini mrefu, magazeti ya kukaushia mimea na daftari nene lenye jalada la kitambaa, na ni kutoka kwake nilikojua kwamba kabla yetu walikuwako watu waliopenda mahali pale hata kuliko walivyopenda kula. Wa kwanza alikuwa mwalimu wa kike aliyezunguka kaunti nzima kwa mkokoteni wa farasi kila likizo, akikausha mimea kati ya kurasa za magazeti na kuandika kila mmoja ulipoota, udongo wake na nani alikuwa jirani yake. Wa pili alikuwa karani wa stesheni ya reli, aliyekimbiza vipepeo kandokando ya reli kati ya treni moja na nyingine, na ndiye aliyemfundisha Bi Verna alipokuwa mtoto wa umri wangu. Hakuna aliyewalipa wala kuwatuma. Nilipozifunua zile kurasa na kuona mwandiko wa watu watatu ukifuatana, wino wa mmoja ukiisha na wa mwingine ukianza, nilijisikia mdogo, na nilipenda kujisikia hivyo.

Walikuwa na sheria moja. Daftarini hakuna kufuta. Ukikosea, unapiga mstari mmoja juu ya kosa, unaandika lililo sahihi pembeni, unatia saini yako na tarehe. "Anayefuta anataka tuamini hakuwahi kukosea," Bi Verna aliniambia. Kulikuwa na ukurasa mmoja aliourudia mara kwa mara. Karani wa reli alikuwa ameandika kwamba amemwona bondeni, pale pale kijitoni, kipepeo mweusi mwenye milia ya njano, mabawa marefu, na kwamba hakuweza kumkamata. Kipepeo huyo ni wa kusini, huko Houston na kuendelea hadi Meksiko, na wenzake wa karani walimcheka. Mmoja wao alitia alama ya kuuliza pembeni, kubwa, kwa kalamu nyekundu. Karani alikufa na alama yake ya kuuliza. Bi Verna alikuwa ameitazama kwa miaka arobaini, na alitaka kuipigia mstari kabla hajafa yeye.

Alhamisi moja ya Julai tulimkuta amekaa chini ameshika kifua. Kwenye ile pasheni ya Bibi walikuwapo viwavi saba, weupe, wenye miiba myeusi. Wale wa rangi ya chungwa wa kila mwaka alikuwa anawafahamu. Hawa hakuwahi kuwaona ila vitabuni. Ndio watoto wa kipepeo wa milia. "Mwambie bibi yako," aliniambia, akinishika mabega, "asiuguse mmea huu kwa wiki mbili. Viwavi wataula, na utaonekana kama unakufa, lakini waache wale. Nawahitaji wote saba. Umeelewa? Mwambie kila neno." Nilielewa kila neno. Lakini rafiki yangu alikuwa ananisubiri bwawani, jua lilikuwa kali, na Bibi alikuwa amesimama na kanga yake ananitazama mdomo kwa hamu. Nikamgeukia nikasema haraka, "Anasema mmea huu ni muhimu sana kwake, tuutunze." Kisha nikakimbia kwenda kuogelea.

Bibi akautunza. Kila alfajiri baada ya kuswali alivuka uzio na kopo lake la samli. Aliukuta mmea wa rafiki yake umejaa viwavi wanaoula hadi mishipa, akafanya ambalo mkulima yeyote wa Muheza angefanya: aliwanyunyizia jivu, akawaokota waliong'ang'ania mmoja mmoja, akawasaga chini ya ndala. Kisha akarudia siku ya pili na ya tatu ili kuhakikisha. Wakati wa chakula cha jioni alitusimulia kwa fahari. Mama, aliyekuwa ametoka zamu mbili mfululizo, alicheka akasema, "Jamani Mama, umekuja Texas na bado una-farm! Huyo Bi Verna aku-hire kabisa." Nikajimiminia maji, nikamwacha aendelee kusimulia.

Alhamisi Bi Verna alikuja mapema. Mvua ndogo ilikuwa imenyesha usiku, na jivu lilikuwa limeganda kwenye majani kama uji uliokauka, likitoa ile harufu. Alilitazama kwa muda mrefu. Bibi alikuwa kando yangu, kopo mkononi, anatabasamu akingoja shukrani. "Nani amefanya hivi?" Bi Verna aliuliza. Bibi hakungoja nitafsiri, aliona macho yanaelekea wapi. "Mwambie ni mimi," alisema. "Mwambie asiwe na wasiwasi, mimi nipo." Nikamwambia ni bibi yangu. Bi Verna akanigeukia. "Ulimwambia kuhusu viwavi?" Nikasema, "Yes, ma'am. I told her everything," kwamba nilimwambia yote. Hakupaza sauti. Alikaa chini, akafungua daftari na kuandika, nami nikasoma juu ya bega lake: viwavi saba wameuawa kwa jivu na bibi wa nyumba za jirani, ingawa alionywa. Maneno hayo mawili ya mwisho, ingawa alionywa, nimetembea nayo kuliko jina langu.

Njiani kurudi Bibi aliniuliza kilichomsibu mwenzake. Nikamwambia wale viwavi ndio aliokuwa anawataka. Alisimama katikati ya majani, kopo likamwanguka. "Sasa mbona hakusema?" Nikajibu, "Sijui." Basi kwa maneno yangu mawili ya uongo, mmoja akaamini mwenzake ni mkaidi, na mwingine akaamini mwenzake ni mficha mambo, na mimi katikati nikaenda kutazama katuni.

Bibi hakukaa nayo. Kuanzia kesho yake alikuwa kijitoni tangu alfajiri hadi jua lilipomfukuza, anapekua jani kwa jani, gogo kwa gogo, kwa sababu alijua kutoka shambani kwamba kiwavi aliyeshiba huondoka mmeani kwenda kujificha. Siku ya tatu alikuja kuniamsha kwa kunivuta mguu. Chini ya ubao wa uzio wetu kulikuwa na kifuko cha kahawia alimojifungia kiwavi mmoja, kimekunjamana kama jani lililonyauka, na kilipoguswa na upepo kilijitikisa chenyewe. Bibi alileta kiti cha plastiki akaketi pale. Alitundika kanga yake moja juu ya uzio iwe kivuli, akamfukuza kila ndege na kila mtoto, na mfanyakazi wa nyumba zile alipokuja na mashine yake ya kukata majani, Bibi alisimama mbele yake akapanua mikono bila kusema neno. Mwanamume yule aliizima mashine.

Alhamisi nilimfuata Bi Verna barabarani nikamshika mkono. Alipokiona kile kifuko, alimtazama Bibi, akamtazama tena, akavua kofia. Wakaketi pamoja, mmoja kwenye kiti na mwingine chini, asubuhi nzima na siku iliyofuata, wakigawana maandazi na chai ya chupa. Kifuko kilipasuka saa nne asubuhi. Mdudu mwembamba, mweusi, alitoka taratibu akaning'inia, mabawa yamekunjwa kama barua, na yalipokunjuka tukaiona milia ya njano. Bi Verna alipiga picha. Kisha akafungua ule ukurasa wa zamani, akapiga mstari mmoja juu ya alama nyekundu ya kuuliza, akatia saini, akalia waziwazi. Bibi alimfuta machozi kwa pindo la kanga. "Mwambie pole na hongera," aliniambia, na safari hiyo nilitafsiri kila neno. Lile moja lililobaki, la uongo wangu, sikulisema. Bi Verna aliandika jina la Bibi kamili, Mwanakombo binti Shehe, kuwa ndiye aliyekiona kifuko. Ukurasa wa nyuma yake, yale maneno, ingawa alionywa, yalibaki palepale.

Bibi alirudi Muheza mwaka uliofuata, na alifariki nikiwa chuo kikuu. Kipande kile cha ardhi sasa kina safu za vyumba vya chuma watu wanamotunza samani wasizozihitaji, na kijito kimeingizwa bombani. Mimi naishi Missouri City, karibu na Houston, nafundisha biolojia sekondari, na kipepeo wa milia huja kwenye uzio wangu karibu kila kiangazi, kwa sababu huku ni kwake. Wanafunzi wangu humpiga picha kwa simu, simu ikawatajia jina lake kabla hawajamtazama vizuri. Siwalaumu, kwa kuwa wanajua vipepeo wengi kuliko nilivyojua mimi. Ila sijamwona bado mtu anayemsubiri kipepeo mmoja kwa miaka arobaini ili kusafisha jina la marehemu.

Mwaka juzi niliendesha gari kwa saa tano kwenda kumwona Bi Verna, ambaye anakaribia miaka tisini na anaishi na mpwa wake huko huko Denton. Masikio yamepungua, akili iko palepale. Daftari bado lilikuwa kwake. Nilimweleza kwa sauti kubwa, kama tunavyowasemesha viziwi, kwa hiyo hata mpwa wake jikoni alisikia: kwamba sikumwambia Bibi, kwamba nilitaka kwenda kuogelea, kwamba Bibi alikufa akidhani hakuambiwa na kweli hakuambiwa. Nilitegemea aniambie nilikuwa mtoto tu. Badala yake alipapasa mezani, akapata kalamu, akanisukumia daftari likiwa limefunguliwa mahali penyewe. Hakuhitaji kutafuta ukurasa.

Nikapiga mstari mmoja juu ya yale maneno mawili. Pembeni nikaandika kwamba hakuonywa, na nani hakumwonya, nikatia saini na tarehe. Mkono ulitaka kuongeza mstari wa pili, na wa tatu, mpaka wino uyafunike kabisa. Bi Verna akaweka vidole vyake juu ya vyangu. "Mmoja unatosha," alisema. Nikaiweka kalamu chini, na chini ya mstari wangu maneno yale bado yanasomeka.