Mimi na mwanangu tulipewa kibali cha Finland, mtoto wa marehemu dada yangu akabaki: nilivyokataa kupanda ndege

Wakuu, asalaam aleikum, na wasio wa salamu hiyo hamjambo nyote.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu. Naona watu wengi wanauliza habari za kufuata mume au mke Ulaya, na majibu mengi ni ya kusikia. Leo naweka yangu. Wallahi siongezi chumvi, na pale nisipojua nitasema sijui.

Mimi ni mzaliwa wa Likoni, Mombasa, upande wa Shika Adabu. Kazi yangu ilikuwa kushona sare za shule.

Mume wangu, nitamwita Baba Athumani, ni fundi wa kuchomelea vyuma. Alifanya kazi ya kukarabati meli huku kwetu miaka mingi, kisha akapata mkataba Finland, mji wa Turku, ambako wanaunda meli. Alikwenda kihalali, kwa mkataba na kibali cha kazi.

Nyumbani tulibaki wanne. Mimi, mwanangu Athumani, mavyaa wangu (mamake mume wangu), na Saumu.

Saumu ni mtoto wa dada yangu. Dada alifariki Saumu akiwa hajaanza hata kukaa. Nikamchukua. Hatukumficha, alijua tangu mdogo kwamba mamake ni marehemu, lakini mama aliniita mimi, na mimi niliitika.

Mume wangu alipoambiwa anaweza kutuita kwa family reunification, yaani kibali cha kuunganisha familia, tulifurahi sana. Tukaingia online kujaza maombi.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba kwa serikali Saumu hakuwa mwanangu.

Nilikuwa sina karatasi yoyote, wakuu. Huku kwetu mtu akifiwa na dada anachukua mtoto, hakuna anayekwenda mahakamani. Cheti chake cha kuzaliwa kina jina la dada, na jina la babake, ambaye hatukumwona tena baada ya matanga.

Agent mmoja wa karatasi za safari pale mjini akaniambia, "Dada, hilo dogo. Natoa cheti kipya chenye jina lako, wiki moja kimetoka."

Baba Athumani kwa simu akaanza kulegea. "Mama Athumani, si ni mwanetu kweli? Nani atajua?"

Nikamwambia, "Wakitaka vipimo vya damu, atafukuzwa yeye na sisi pia. Na zaidi ya hayo, sitamfuta dada yangu kwenye cheti cha mwanawe."

Akasema, "Haya. Fanya ujuavyo, lakini itachukua muda."

Mavyaa naye akaja na lake. Kwa nia njema, nasema ukweli. "Niachie mimi huyu mtoto. Nendeni, mkitulia mtamwita."

Saumu alikuwa jikoni anasikia. Akatoka akasema, "Mama, nendeni. Mimi nitakaa na bibi."

Alisema hivyo akitazama chini. Nikamwambia arudi amalize vyombo, na kwamba habari ya kubaki nisiisikie tena kinywani mwake.

Nikatafuta wakili anayesaidia kina mama bila malipo. Akanieleza kwamba mahakama ya watoto inaweza kuniteua mlezi wa kisheria, lakini kwa kuwa babake yu hai na jina lake limo, lazima apewe nafasi ya kukubali au kupinga.

Basi nikaanza kumtafuta.

Niliulizia kwa jamaa zake mpaka nikaambiwa yuko Chaani, anaziba mapancha ya malori ya makontena. Nitamwita Rashidi. Nilimkuta amechuchumaa kando ya gurudumu. Aliponiona tu alinijua. Akasimama, mikono myeusi tititi, hakujua aitie wapi.

Nikamweleza yote. Akatikisa kichwa.

"Nikitia sahihi, watu watasema nimemtoa mwanangu akapelekwa kwa wazungu. Siwezi."

"Watu gani, Rashidi? Hao watu wanamjua Saumu?"

Akakasirika. Tukaanza kupandishiana sauti pale barabarani. Wakati huo mkewe akafika, amemletea chakula cha mchana. Akasalimu, akauliza, "Saumu ni nani?"

Kumbe hakuwahi kuambiwa.

Nilidhani patachimbika. Yule mama akaweka chakula chini, akanivutia kiti, akaniomba nianze upya. Nikaanza upya. Nilipomaliza akamgeukia mumewe, sauti chini kabisa.

"Mtoto ni wako na mimi leo ndiyo nasikia jina lake. Wamzuilia nini safari, na hujawahi kumwuliza kama amekula?"

Rashidi akakaa juu ya tairi. Mwisho akasema, "Nataka nimwone kwanza."

Jumapili akaja kwetu, amevaa kanzu. Saumu akatoa shikamoo, akakaa karibu na mimi. Mavyaa akaleta chai, hakuna aliyeigusa.

Rashidi akauliza, "Wataka kwenda huko?"

"Nataka kukaa na mama."

"Mamako alifariki."

"Najua. Namwombea dua kila Ijumaa. Lakini aliyenilea ni huyu."

Rashidi akatoka nje. Alipoingia aliomba jambo moja tu, jina lake lisiondolewe kwa mtoto. Nikamwambia halitaondoka, na asijali. Siku ya mahakama alifika mapema kunishinda.

Wakuu, hii sehemu ya mahakama naifupisha. Afisa wa watoto alikuja nyumbani, akatazama pa kulala, akaongea na Saumu na walimu wake. Kesi iliahirishwa zaidi ya mara moja. Mwisho nikapewa amri ya ulezi. Usikate tamaa kwa tarehe kusogezwa, hata hakimu akiwa likizo wewe nenda tu ujue tarehe mpya.

Tukatuma maombi ya sote watatu, kisha tukapanda treni kwenda Nairobi kwa appointment ya ubalozi. Tulihojiwa mmoja mmoja. Mimi niliulizwa kwa nini nisimwache Saumu kwa bibi yake. Nikajibu kwamba bibi ni mama wa mume wangu, mtu mzima anayehitaji kuangaliwa, na mtoto ana mama, ndiye mimi.

Saumu alipotoka nikamwuliza waliuliza nini. "Wameuliza nikiugua nani hunipeleka hospitali. Nikasema mama, na usiku baba hupiga simu kutoka Turku kuuliza kama nimekunywa dawa."

Tukarudi Likoni kusubiri. Huko kusubiri jamani! Acha tu.

Siku moja majibu yakaja. Mimi nimekubaliwa. Athumani amekubaliwa. Saumu, wanataka ushahidi zaidi kwamba kweli nimemlea.

Baba Athumani akapiga simu, furaha na wasiwasi vimechanganyika. "Njooni nyinyi kwanza. Nyumba nishapata. Saumu atafuata."

"Na akikataliwa?"

"Tutaona."

"Basi tutaona nikiwa hapa hapa Likoni."

"Mama Athumani, kibali hakingoji milele. Nimekaa peke yangu muda gani huku?"

Hilo liliniuma, maana alikuwa na haki. Nilimmiss pia, mimi si jiwe. Lakini nilijua nikiondoka, yeyote atakayesoma lile faili ataona kwamba mtoto anaweza kubaki bila mimi. Ningekuwa nimewajibia swali lao mwenyewe.

Nikamwambia, "Nikija nimemwacha, hutampenda mke utakayempata." Akakata simu.

Siku mbili hatukuongea. Majirani washaanza maneno, mara nimepata mwengine, mara Finland ni uongo. Wateja walidhani nimefunga kazi, nikarudi kwenye cherehani nikashona.

Kisha yeye mwenyewe akapiga. Alikuwa ameandika maelezo marefu kuhusu Saumu, akaomba mtu wa kazini amsaidie kuyatia Kifini. Mimi nikakusanya kadi ya kliniki, ripoti za shule zenye sahihi yangu, barua ya mwalimu wa madrasa, picha tangu yuko mgongoni mwangu. Tukatuma.

Majibu yaliingia kwa simu nikiwa nakata kitambaa. Nikayasoma, nikampa fundi mwenzangu ayasome, nikayasoma tena.

Nikaacha kitambaa mezani nikaenda shuleni kwa miguu, karibu nakimbia, buibui limejaa vumbi. Mwalimu akamwita Saumu darasani. Alipotoka akaniona napumua vile, uso ukambadilika.

"Nani amekufa?"

Nikatikisa kichwa. Nikamshika mkono.

"Hakuna aliyekufa. Sote tunakwenda."

Hapo ndipo alipolia, wakuu. Miezi yote ile hajatoa chozi mbele yangu, kumbe alikuwa anajizuia nisije nikaghairi safari kwa ajili yake.

Sasa tuko Turku. Si peponi. Baridi inaingia mpaka kwenye kucha, lugha ni ngumu, nasoma Kifini asubuhi na jioni nasafisha ofisi. Mavyaa anakaa na wifi yangu Mikindani, huko huko Mombasa, tunampigia video call na hutuuliza jua liko wapi.

Nilichojifunza: kama unalea mtoto wa ndugu, fuata karatasi za ulezi leo, hata kama huna mpango wa kwenda popote. Mtie kwenye maombi tangu mwanzo, na useme wazi ni mtoto wa nani. Cheti cha kughushi kitakufuata. Na mzazi aliyepotea mtafute mwenyewe, usimwandike kwamba amefariki.

Kila nchi ina sheria zake, yangu ni ya Finland tu. Mlio Ujerumani, Norway na kwingine, mlipitaje na watoto wa kulea? Wekeni hapa. Na mwenye swali aulize hapa hapa kwenye uzi, si inbox, kwa sababu najua kuna mama mahali anasoma kimya kama nilivyokuwa mimi, na kuna mtu anamwambia amwache mtoto.