Mihogo ya siku tatu

Mimi ni mtu wa kupenda kusifiwa. Naanza hapo, maana bila hilo mengine yote hayaeleweki. Nafundisha madarasa ya mwisho katika shule ya msingi ya parokia hapa Kasongo, na kwa miaka mingi fishi zangu, yaani karatasi za kutayarisha somo, zilikuwa zinarudi kutoka kwa direkteri, mkuu wetu wa shule, zikiwa na wino mwekundu kila kona. Kifaransa changu kilichechemea. Siku mwenzangu aliponionyesha akili bandia ndani ya simu yake, jinsi unavyoiuliza nayo inakujibu kwa Kifaransa kilichonyooka kama cha inspekta, nilijua nimepata dawa.

Shida ilianza na somo la mazingira. Zamani somo hili tulilifundisha kwa miguu. Unawatoa watoto darasani, mnakwenda kwa mchoma matofali au kwa fundi baiskeli, mnamuuliza mwenye kazi yake, mnarudi kuandika. Ni kazi ya kuchosha na jua letu halina huruma. Wiki ile tulikuwa na unga wa muhogo. Niliketi sokoni, pale wanapochaji simu, nikaandika: nitayarishie somo la darasa la tano juu ya unga wa muhogo. Sikuiambia niko wapi. Sikuiambia muhogo gani. Kabla sijafuta jasho fishi ilikuwa tayari: malengo, vifaa, maswali, hata majibu ya mtihani. Kumenya, kuosha, kukwaruza, kukamua, kuanika, kutwanga. Ilipendeza kweli.

Chini kabisa kulikuwa na mistari miwili. Ilisema kwamba muhogo mchungu lazima ulowekwe siku kadhaa, na kwamba mwalimu alinganishe somo na desturi ya mahali pake. Niliisoma. Ningeweza kusema sikuiona, wala hakuna ambaye angenibishia, lakini niliisoma. Nilipoinakili fishi, karatasi yangu ilikuwa imejaa, mistari ile ingeniharibia ukurasa, basi nikaiacha nje.

Na mimi ni mzaliwa wa Lusangi. Mama yangu amezamisha mihogo kwenye kijito tangu kabla sijazaliwa, na ile harufu yake ya kuchacha ndiyo harufu ya utoto wangu. Lakini fishi ilikuwa kwa Kifaransa, na mama yangu hakuwahi kusema neno kwa Kifaransa. Sisi tuliopita shule hapa tuna ugonjwa huo. Kitu kikiandikwa kwa Kifaransa kizuri, tunakisogezea kiti.

Siku ya somo direkteri alikuja kukaa nyuma ya darasa, kunikagua. Nilikuwa natiririka. Ndipo msichana wa benchi ya tatu aliponyoosha mkono. Huyu alitoka Wamaza, alikaa hapa mjini kwa shangazi yake, na mkono wake ulikuwa hewani tangu asubuhi mpaka saa ya kufunga. Ulinichosha, nakiri.

"Mwalimu, haiko vile," alisema. "Kwetu mihogo inalala kwanza siku tatu mu maji. Bila vile iko na sumu."

Darasa likaguna. Watoto wote walijua. Nilimtazama direkteri, nikaitazama fishi, nikamjibu: "Hapa iko masomo. Hatuko ku jiko ya mama yako."

Walicheka, kwa sababu mwalimu akitania ni lazima wacheke. Akaketi. Baadaye direkteri alinishika mkono akasema fishi ile ni nzuri sana, ataibandika ofisini ili wengine waige. Nilivimba kichwa wiki nzima. Mungu alitusaidia kitu kimoja tu, kwamba watoto wetu hawapiki kwa daftari la mwalimu.

Mwisho wa mwaka niliuliza swali lile lile kwenye mtihani, kwa pointi kumi. Watoto wengine waliandika kama nilivyofundisha, maana mtoto anajua kalamu nyekundu iko kwa nani. Yule msichana wa Wamaza aliandika ukurasa mzima wa mambo ya kwao. Siku tatu ndani ya maji, nne kukiwa na baridi. Halafu unaubana muhogo kwa vidole, ukivunjika wenyewe umeiva, ukikataa unaurudisha. Nilisoma mara mbili. Hakuna neno hata moja lililokuwa la uongo. Nikampa mbili, nikaandika pembeni: si somo letu.

Kumpa kumi kulikuwa ni kujipa mimi sifuri, na fishi yangu ilikuwa bado imebandikwa ukutani kwa direkteri.

Walimu tulipokaa kujadili pointi, jina lake lilikuja na arobaini na tisa kwa mia. Anayepita ni wa hamsini. Direkteri aliinua macho. "Huyu amekosa moja tu. Iko mwenye neno juu yake?" Mwenye neno nilikuwa mimi, mwalimu wake. Nilijitia hamnazo, nikashughulika na kofia ya kalamu yangu. Akangoja kidogo. Kisha akaandika kwamba arudie mwaka.

Proklamasio, siku ya kusoma matokeo, kwetu ni sherehe. Wazazi wanajaa uwanjani na kila mmoja ana kopo la poda. Jina la mtoto likisomwa, vigelegele vinapigwa na mtoto anamwagiwa poda kichwani mpaka anakuwa mweupe. Mama wa yule msichana alikuwa ametoka Wamaza kwa ajili ya siku hiyo, safari ya siku mbili, nusu kwa miguu. Kopo lake lilikuwa jipya, amelifunga kwenye ncha ya kitenge. Majina yakasomwa, watoto wakawa weupe mmoja baada ya mwingine. Mama na binti walisimama mbele kabisa, wamevaa vizuri. Orodha ikaisha.

Mama alinifuata polepole. "Mwalimu," aliniuliza kwa heshima, "hamukusahau jina moja?"

Nilimwambia hatukusahau.

Alimtazama binti yake. Kisha akasema, "Basi atarudi tulime naye. Kama masomo haimutake, shamba inamutaka." Akalikaza kopo kwenye kitenge, bila kulifungua. Binti hakulia. Aliangalia viatu vyangu.

Roho ilinisuta tangu pale na haikuniachia. Jioni ile nikarudi kwenye simu, safari hii nikaieleza kila kitu: tuko Kasongo, muhogo wetu ni mchungu, watu wanafanya hivi na hivi. Ikanijibu vizuri, pamoja na sababu za sumu ile ambazo mimi mwenyewe sikuwa nazijua. Nikaigombeza kwamba imenipoteza. Ikaomba msamaha papo hapo, tena ikanikumbusha kwa adabu ile mistari miwili ya chini. Nilizima simu. Yenyewe iliomba msamaha kabla sijavuta pumzi. Mimi nilikaa siku kumi na nane.

Siku ya kumi na tisa nilikwenda kwa direkteri nikamwambia yote, pamoja na mistari niliyoikata na kalamu niliyoichezea. Alivua miwani. Akasimama, akaibandua fishi ukutani, akaikunja mara nne kama mtu anayetaka ipotee. "Na mimi niliisifu," alisema. "Mimi naye nakula bugali kila siku." Tukalifungua daftari la pointi, tukasahihisha, akatia sahihi na muhuri kwenye bulletini mpya, karatasi ya matokeo inayosema amepita. "Utaipeleka wewe mwenyewe," akaniambia. "Usitume mutu."

Niliondoka na pikipiki alfajiri kwenda Wamaza. Kiangazi kimekaza, vumbi la njia ya Kabambare likanipaka mwili mzima, na njiani kote nilikuwa natunga hotuba. Nilimkuta mama wa binti kwenye kijito, miguu ndani ya maji, anatoa mihogo iliyolala. Majirani wawili walikuwa naye. Hotuba ikanipotea. Nilisema tu kwamba mtoto wake alijibu vizuri, nami nilijua kwamba amejibu vizuri, nikamnyima pointi zake.

Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Matusi yangenisaidia. Yeye aliubana muhogo mmoja kwa vidole, ukavunjika, akautupa kwenye kitunga.

"Mwalimu, kwako munakulaka nini?"

"Bugali, Mama."

"Ya mihogo?"

"Ya mihogo."

"Na mutoto wangu ndiye alikosa." Akanawa mikono, akapokea bulletini, akaishika kwa ncha za vidole ili isilowe.

Binti alirudi kutoka shambani na jembe begani. Mama aliingia ndani, akatoka na lile kopo. Lilikuwa bado na karatasi yake ya dukani. Akalifungua, akammwagia lote, na wale majirani wawili wakapiga vigelegele kama wanawake ishirini. Binti alisimama wima, poda kwenye kope, akanipa mkono. "Aksanti, mwalimu," akasema. Neno hilo liliniuma kuliko yote niliyostahili kuambiwa.

Simu sijaitupa. Ningeitupa ningekuwa naisingizia. Ila sasa watoto wanatoka kwanza. Wanauliza nyumbani, wanauliza sokoni, wanaandika, na ndipo mimi naiambia simu tuko wapi na tumeambiwa nini, halafu tunasoma jibu lake pamoja tukilibishia. Huwa naanza na mistari ya chini. Mara nyingine inatufundisha, mara nyingine watoto wanaikosoa, nami nawapa pointi kwa hilo. Fishi zangu zimerudi kuwa na wino mwekundu.

Mwezi wa tisa yule binti alirudi, nikapanda naye darasa la sita. Anakaa benchi ile ile ya tatu. Madaftari yake ni safi, kazi zake anamaliza. Lakini mkono wake haunyanyuki. Wiki ya kwanza nilidhani ni aibu ya kurudi. Wiki ya nne nikaacha kujidanganya.

Juzi tulirudia somo la muhogo. Nilikuwa nimelitayarisha kwa ajili yake, sitaficha. Niliuliza darasa mihogo inalala siku ngapi ndani ya maji, mikono ikainuka kila upande isipokuwa mmoja. Nikamtaja yeye. Alisimama, akaitazama fishi iliyokuwa mezani kwangu, kisha akanitazama mimi.

"Mwalimu," aliuliza, bila ubaya wowote, "nijibu ya kwetu ao ya kwako?"