Muuza Dawa Aliyefunga Kopo

Muuza dawa za mifugo pale sokoni Busia humsalimu mnyama kwanza, mwenyewe baadaye, na haiuzi dawa ya unga kabla ya kuionja kwa ncha ya ulimi. Taaka alimfikia akivuta punda kwa kamba ndefu, maana mnyama huyo alikuwa anauma na kupiga mateke. Mume wa Taaka alipofariki, mashemeji walichukua shamba lote. Punda huyo wa kubeba maji ndiye aliyembakia, na wachinjaji walishaanza kumuulizia.

“Nipe ile unga ya kutuliza, mzee. Huyu ana kichaa.”

“Nani kasema?”

“Kila mtu.”

“Na wewe hawajakuita hivyo bado?”

Taaka akaikaza kamba. Walikwisha kumwita hivyo, siku alipodai shamba. Mzee alipitisha kiganja polepole mgongoni mwa punda, akainua mkanda wa mzigo. Chini yake palikuwa na kidonda kinachonuka. Akafunga kopo la unga lililokuwa wazi. “Unga ni wa mnyama mwenye hofu, mama. Huyu anaumia.” Akakiosha mwenyewe kwa maji ya chumvi, akiimba wimbo wa kanisani puani, punda ametulia kabisa. Tangu msiba, Taaka hakuwa amemshukuru mwanamume yeyote. Siku hiyo alisema asante, akairudia kwa sauti.